Rangi Isiyochuja na Ukingo Usiofumuka: Mwongozo Kamili kwa Fundi wa Ngozi

Mzee mmoja wa Makorora alinunua kwangu makubazi meusi siku ya Alhamisi. Ijumaa akatawadha, akayavaa miguu ikiwa bado inachuruzika maji, akatembea hadi mlangoni mwa msikiti, akayavua na kuingia. Nyayo zake zikabaki kwenye zulia, nyeusi, vidole vyote vikihesabika. Jumamosi asubuhi alikuja kibandani kwangu Ngamiani, hapa Tanga. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye benchi na kuinua mguu anionyeshe unyayo wake ulivyokuwa mpaka siku ile. "Mwanangu," akasema, "kushona umeshona vizuri. Lakini rangi hii haikushika. Imewekwa tu."

Nilimrudishia fedha yake na nikagharamia kusafisha zulia. Rangi ile niliinunua ikiwa kwenye chupa isiyo na lebo, nikaambiwa ni ya ngozi, nikaamini. Hata hivyo kosa lilikuwa langu, kwa sababu sikuijaribu kabla ya kuipaka kwenye kitu cha mtu.

Tangu siku ile, mteja akinitajia rangi anayoitaka, mimi humuuliza ngozi hiyo itagusa nini. Jasho la kiuno? Maji ya udhu? Kanzu nyeupe? Itashinda juani juu ya kiti cha pikipiki? Jibu lake ndilo linalochagua rangi, na ndilo linaloamua ukingo umaliziwe vipi. Haya ninayoyaandika ni kwa fundi anayeanza, na pia kwa yule anayejua kushona lakini kazi zake zinarudi.

Ijue ngozi kabla ya kufungua chupa

Ngozi zinazofika mikononi mwetu ni za aina mbili kubwa. Ya kwanza ni ngozi ya magome, iliyosindikwa kwa maji ya magome au mbao zenye tanini, ule ukakasi wa mimea unaoifanya ngozi isioze. Hapa nchini mti unaojulikana zaidi kwa kazi hiyo ni mwati, unaolimwa Njombe na unaoota pia kwenye milima ya Lushoto. Ngozi hii kabla ya kutiwa rangi ni ya kahawia hafifu, inakunywa maji, ukiikandamiza kwa ukucha inabaki na alama, na ukingo wake ukisuguliwa unabana na kung'aa. Ya pili ni ngozi ya kromu, iliyosindikwa kwa chumvi za madini ya kromu. Ni laini, inanyumbulika, haiogopi sana maji, na mara nyingi inakuja ikiwa imeshatiwa rangi kiwandani. Ndiyo ya mikoba mingi, makoti na sehemu za juu za viatu.

Ukichanganya hizi mbili, kila utakachosoma hapa chini kitakwenda kombo. Kwa hiyo zijaribu. Kata kipande kidogo na utazame katikati ya unene wake: ngozi ya kromu isiyotiwa rangi mpaka ndani huonyesha mstari wa kijivu au wa samawati hafifu. Kama bado una shaka, chovya kipande kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja. Ya magome hujikunja, husinyaa na kuwa ngumu kama ubao. Ya kromu iliyosindikwa vizuri hutoka karibu kama ilivyoingia. Kipimo ninachokitegemea zaidi kuliko vyote ni tone la maji ya chuma, ambayo nitaeleza namna ya kuyatengeneza. Ngozi ya magome hugeuka nyeusi hapo hapo mbele ya macho yako. Ya kromu hubaki na doa hafifu tu.

Rangi ziko za namna gani

Rangi za kupenya ni zile zinazoingia kwenye nyuzi za ngozi. Rangi za juu ni zile zinazokaa usoni kama ngozi ya pili. Fundi asiyejua tofauti hii hununua kwa kutazama kifuniko.

Katika za kupenya, ya spiriti ndiyo inayoingia ndani zaidi na kukauka haraka. Kampuni ya Fiebing's ya Milwaukee, Marekani, iliyoanza mwaka 1895, ndiyo inayotajwa sana na mafundi kwa rangi za namna hii. Ubaya wa rangi ya spiriti ni kwamba inakausha mafuta ya ngozi, na ile poda ya rangi isiyopata pa kushika hubaki juu ikisubiri kanzu ya mtu. Nyeusi, nyekundu na bluu iliyokolea ndizo wakorofi wakubwa. Utaiona hata kwa macho: nyeusi ikikauka inatoa mng'ao wa kijani au wa shaba, kama shingo ya njiwa. Huo si uzuri, ni rangi iliyozidi. Kampuni hiyo hiyo ina rangi iitwayo Pro Dye ambayo husambaa kwa usawa zaidi na huacha poda kidogo. Ni ghali kuliko ya kawaida, lakini kwa mkanda au kamba ya mkoba mimi sitafuti nyingine.

Rangi ya maji haina harufu kali na inampa fundi mpya muda wa kurekebisha mistari. Lakini ikilowa kabla ya kufungwa juu, inarudi kuwa maji. Kwa kifuniko cha daftari au fremu ya picha, sawa. Kwa makubazi ya mtu wa pwani, hapana.

Rangi ya juu, ile ya akriliki, ndiyo inayofaa kwa ngozi ya kromu unayotaka kuibadilisha rangi, kwa sababu hapo nyuzi zimeshajaa. Sharti uondoe kwanza ule utando wa kiwandani kwa pamba yenye asetoni kidogo, ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha, kisha upake tabaka nyembamba nne au tano badala ya mbili nene. Tabaka nene hupasuka mahali ngozi inapokunjika.

Nitataja na vitu ambavyo nimeona vikitumika mitaani na sivishauri. Rangi ya batiki imeundwa kwa ajili ya vitambaa vya pamba, na kazi yake hutaka magadi makali au kostiki. Vitu hivyo huiunguza ngozi ya magome, ikawa nyeusi na kukatika kama biskuti. Kiwi ya rangi ni dawa ya kung'arishia, haiwezi kuwa rangi ya msingi. Na ile desturi ya kuloweka kanga mpya kwenye maji ya chumvi ili isichuje, iache kwenye kanga. Chumvi ndani ya ngozi hufyonza unyevu wa hewa, na hewa ya Tanga ina unyevu wa kutosha.

Za mimea ninazipenda, ila nazitumia kwa adabu. Magome ya mkandaa, mmoja wa miti ya mikoko, yakichemshwa hutoa wekundu wa udongo ambao wavuvi wa mwambao walitia nyavu zao, na kwa sababu yamejaa tanini hushikana vizuri na ngozi ya magome. Lakini mikoko ni hifadhi, na kuikata au kuibandua magome bila kibali ni kosa. Tumia tu yaliyopatikana kwa njia halali. Mzingefuri hutoa rangi ya machungwa inayovutia siku ya kwanza na kufifia vibaya juani. Sijawahi kuuza kitu cha mzingefuri.

Nyeusi ya chuma, inayotengenezwa nyumbani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hii ndiyo rangi iliyomfanya yule mzee awe mteja wangu tena.

Nyeusi hii haipakwi. Inazaliwa ndani ya ngozi. Chuma kikiyeyushwa kwenye siki kinakuwa maji mepesi, na maji hayo yakikutana na tanini iliyomo kwenye ngozi ya magome, viwili hivyo vinaungana na kuwa cheusi. Ni jambo lile lile lililo kwenye wino wa kale wa tanini na chuma, ambao watu waliuandikia kwa karne nyingi na maandishi yao yanasomeka hadi leo. Kwa kuwa weusi umejifunga ndani ya nyuzi, hauna kitu cha kuacha kwenye zulia.

Chukua nusu lita ya siki nyeupe ya dukani, ile ya asilimia 5. Chukua gramu 30 za waya mweusi wa kufungia nondo, unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Usitumie misumari ya bati wala waya unaong'aa wa kusugulia sufuria: ule wa kwanza umepakwa zinki, na wa pili mara nyingi ni chuma kisichoshika kutu. Waya wa nondo una mafuta na utando, kwa hiyo uchome juu ya mkaa mpaka uwe mwekundu, uache upoe, uusugue kwa msasa, kisha uukate vipande vifupi. Siki ya kiasi hicho haiwezi kula zaidi ya gramu 12 hivi za chuma. Ziada ni ya makusudi: tunataka siki ndiyo iishe, siyo chuma, ili asidi isibaki ikaila ngozi.

Weka vyote kwenye chupa ya kioo au ya plastiki na uache kifuniko kikiwa kimelegea. Mapovu utakayoyaona ni gesi ya haidrojeni. Ukibana kifuniko chupa inaweza kupasuka, na gesi hiyo inawaka, kwa hiyo isikae karibu na jiko. Kwa joto letu, wiki moja hadi mbili zinatosha. Imekuwa tayari pale mapovu yanapokoma na harufu ya siki inapokuwa imekaribia kwisha. Chuja kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne. Maji yakigeuka rangi ya kutu yakiwa chupani usishtuke, bado yanafanya kazi. Chuja tena kabla ya kutumia.

Sasa ngozi. Isafishe kwa kitambaa chenye maji, isiwe na alama ya gundi wala mafuta ya mikono. Kama ni hafifu mno, iongezee tanini kwa chai ya rangi: majani vijiko vinne vya chakula katika nusu lita ya maji, ichemke dakika kumi, ipoe. Mimi natumia majani ya chai yanayotoka milima yetu hii ya Usambara, lakini yoyote meusi yanafaa, ilimradi hayana tangawizi wala sukari. Paka chai hiyo uso mzima, subiri nusu saa hadi maji yasiwe yanasimama juu. Kisha paka maji ya chuma kwa sponji, haraka, bila kuacha mapengo. Utaona ngozi inakuwa ya kijivu, halafu ya zambarau chafu, halafu nyeusi, na yote hayo hayazidi dakika chache. Iache nusu saa.

Hatua inayofuata mafundi wengi huiruka, na baada ya miaka miwili mkanda unapasuka. Yeyusha kijiko kimoja cha chakula cha bekingi soda katika lita moja ya maji, upake mara moja, subiri dakika tatu, suuza kwa maji safi. Kazi yake ni kuzima asidi iliyobaki. Usizidishe kipimo, wala usitumie yale magadi ya kuivishia maharage, ni makali kuliko bekingi soda. Anika kivulini kwa siku nzima, kisha tia mafuta. Kabla ya mafuta nyeusi hii huonekana ya kijivu na ya kukatisha tamaa. Ikishayanywa inakuwa nyeusi ya kweli.

Tahadhari moja: chuma chochote kikigusa ngozi ya magome iliyolowa, hata kisu au kifungo, kinaacha doa la samawati nyeusi. Doa la namna hiyo kwenye kazi isiyotiwa rangi huondoka ukilisugua na maji ya ndimu lingali bichi, kisha ukasuuza.

Kupaka rangi ya dukani

Kata vipande vyote kwanza, toboa matundu, na upake rangi kabla ya kugundisha. Gundi ya viatu ikidondoka usoni, rangi haipiti hapo hata ungefanya nini. Patabaki doa jeupe lenye umbo la kidole chako.

Punguza rangi ya spiriti kwa kipimo sawa cha spiriti kwa tabaka la kwanza. Fanya kazi mahali penye upepo, vaa glavu, na jiko la mkaa liwe mbali. Tumia kipande cha fulana kuukuu ya pamba kilichoviringwa, chovya, kamulia kwenye ukingo wa kopo, kisha paka kwa miduara midogo inayopandana, kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kusimama katikati. Ukisimama, mstari unabaki. Tabaka la pili lipake baada ya saa moja au mbili, na la tatu kama linahitajika. Rangi ikiwa mbichi huonekana imekolea kuliko itakavyokuwa, na ikishatiwa mafuta hurudi kukolea tena. Ndiyo maana kila rangi ninayo kwenye kipande cha majaribio kilichokatwa kwenye ngozi ile ile, nusu yake imetiwa mafuta na nusu haijatiwa. Mteja anachagua kwa kutazama nusu ya kwanza.

Kama unataka nyeusi ya dukani na si ya chuma, anza na tabaka la bluu iliyokolea. Nyeusi itakayofuata itahitaji kuwa kidogo, kwa hiyo poda itakayobaki juu nayo itakuwa kidogo.

Baada ya siku nzima ya kukauka, na wakati wa masika siku mbili, chukua kitambaa kikavu usugue kwa nguvu. Kitachafuka. Chukua kingine, usugue tena. Usipake kitu kingine chochote mpaka kitambaa kitoke kikiwa karibu cheupe. Kazi hii inachosha mikono na hakuna anayeiona, lakini ndiyo inayoitenga rangi iliyoshika na rangi iliyowekwa.

Kisha mafuta. Ya kwato za ng'ombe ni bora. Ya nazi yanafaa na hayaharibiki upesi, ila paka tabaka moja jembamba, maana yanaifanya ngozi iwe nyeusi zaidi na yakizidi inalegea. Ya alizeti kaa nayo mbali. Yanageuka kunata na kunuka. Wapo watakaokuambia utumie sifa, yale mafuta ya samaki wanayopaka mashua. Ngozi inayapenda sana. Mke wa mteja wako hatayapenda.

Mwisho, funga. Kwa mkanda na kamba ya mkoba natumia akriliki ya kufungia kama Resolene, nusu kwa nusu na maji, tabaka mbili nyembamba, ya pili baada ya ya kwanza kukauka kabisa. Kwa kitu ambacho mtu atataka kizeeke naye, kama pochi, nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta inatosha.

Kuhusu makubazi nina msimamo wangu, na sitaubadilisha: soli ya juu, pale unyayo unapokaa, siitii rangi ya dukani kabisa. Naiacha na rangi yake ya magome, naipaka nta, mguu wenyewe unaitia rangi kwa miezi. Akitaka nyeusi mpaka huko, atapewa nyeusi ya chuma. Kamba za juu zinaweza kuwa rangi yoyote.

Kipimo cha kitambaa cheupe

Kata vipande vitatu vya kitambaa cheupe cha pamba, kile kile cha kushonea kanzu. Kimoja kiwe kikavu, kimoja kilowe maji, cha tatu kilowe maji ya vuguvugu yenye kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa glasi, kuiga jasho. Sugua kila kimoja mara ishirini mahali pale pale. Kikavu kikichafuka, rudi ukasugue. Cha maji kikichafuka, tabaka la kufungia halijatosha. Cha chumvi peke yake kikichafuka, usiuze kitu hicho kivaliwe mwilini. Kipe kazi nyingine. Nayatunza matambaa haya pamoja na jina la rangi na tarehe, na mteja akiuliza, namwonyesha.

Ukingo

Mtu akiokota mkoba wa ngozi, kidole gumba chake kinapita kwenye ukingo kabla hajatazama mshono. Na maji huingilia hapo. Uso wa ngozi umebana, lakini ukingo uliokatwa ni kama utambi wa kibatari: unanyonya maji, maji yanatembea katikati ya tabaka, yanalegeza gundi, na rangi inatoka nayo. Sehemu ya weusi uliokuwa kwenye lile zulia ilitoka kwenye kingo za soli ambazo niliziacha wazi.

Kwa ngozi ya magome, ukingo hauhitaji chochote cha kutoka mbali. Unahitaji msasa, maji, mti mgumu, nta na subira.

Mti uwe mpingo. Ni mzito, umebana, hauna nyuzi za kukwaruza, na nchini kwetu unapatikana. Waombe wachonga vinyago wakuuzie kipande cha urefu wa shubiri, ukichonge mifuo mitatu ya upana wa milimita 3, 5 na 8, kisha uisugue kwa msasa unaopanda hadi namba 1000. Kipande hicho ukikitunza kitakuzika.

Anza kwa kusawazisha. Tabaka zikishagundishwa na kushonwa, hazilingani. Zipige msasa namba 120 mpaka zionekane kipande kimoja, halafu namba 220. Kwangua kona za pande zote mbili kwa kile kifaa kidogo chenye mdomo wa uma, au kwa msasa uliozungushiwa kijiti kama hauna. Kona isipokwanguliwa, mpingo utaikandamiza ichanue nje kama kofia ya uyoga. Rudi na namba 400, kisha 600. Vumbi la msasa lipanguse lote.

Kama ukingo utakuwa na rangi, wakati wake ni huu, kabla ya nta, kwa sababu nta ikishaingia rangi haipenyi. Tumia pamba za masikio, ikamue vizuri, na upitishe kwa mkono mmoja usiotetemeka; tone likivuka kwenda usoni halirudi. Acha ikauke.

Kisha lowesha ukingo kwa ncha ya kidole. Si sponji, kidole: ukiloweka, ngozi inavimba na kazi yote ya msasa inapotea. Ukiwa na gundi ya tragakanti, inayotokana na utomvu wa mmea, au Tokonole, ile ya Kijapani, itumie badala ya maji, inashika nyuzi zisinyanyuke tena. Sabuni ya gliserini iliyolowa nayo inafanya kazi nzuri kwa bei ndogo. Sabuni ya mche ya kufulia usiitumie, ina ukali unaoacha alama nyeusi.

Ingiza ukingo kwenye mfuo wa mpingo unaolingana nao na usugue, haraka na kwa uzito mdogo. Mwanzoni mpingo unashika na sauti yake ni kavu, kama mtu anayekuna nazi ya mwisho mwisho. Endelea. Karibu na pigo la thelathini sauti inashuka, mkono unahisi wepesi, mpingo unaanza kuteleza wenyewe, na ule ukingo wa rangi ya vumbi unageuka rangi ya asali. Mistari ya tabaka inapotea. Kinachofanya hivyo ni joto la msuguano pamoja na unyevu. Ukibonyeza kwa nguvu hupati joto zaidi, unabomoa umbo tu. Urefu wa sentimita 10 kwa wakati mmoja unatosha, kisha usogee.

Iache ikauke saa moja, uisugue tena na namba 600, uloweshe tena, urudie. Mara mbili kwa mkanda, mara tatu kwa soli.

Mwisho ni nta ya nyuki. Handeni ni jirani yetu na nyuki wake wanajulikana, nta safi haina sababu ya kukosekana. Sugua donge la nta kwenye ukingo mpaka uone utando, kisha usugue kwa mpingo ili iyeyuke na kuingia. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64, kwa hiyo jua la barazani haliiwezi. Ya mishumaa humenyuka na kudondoka, usiitumie. Ukitaka kuiyeyusha kwa ajili ya kuchanganya na mafuta, weka kopo ndani ya sufuria ya maji, kamwe si juu ya moto wenyewe.

Pambo la mwisho la ukingo nalifanyia kwa kitambaa cha gunia la katani. Nyuzi za katani ni ngumu kiasi cha kung'arisha na laini kiasi cha kutokwaruza. Viwanda vya nchi nyingi hutumia magurudumu ya katani kung'arishia chuma. Mkonge uliletwa mwambao huu mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Leo gunia kuukuu unalipata soko lolote la mkoa huu, na mafundi wengi bado wananunua brashi za kuagizwa.

Ngozi ya kromu haisuguliki

Usihangaike kuisugua kwa mpingo. Nyuzi zake zinarudi kama zilivyokuwa kila unapoinua mkono. Chaguo ni mawili. La kwanza, kunja ukingo kuelekea ndani na ushone, kama washonaji wa mikoba wanavyofanya. La pili ni rangi ya kingo, ile nzito inayokauka kama mpira.

Ukichagua ya pili, piga msasa namba 220, paka tabaka la kwanza jembamba kwa ncha ya nyuzinyuzi au kijiti cha duara ukikiviringisha, liache likauke kabisa, kisha sugua kwa namba 400. Tabaka hili la kwanza litanyonywa na kuonekana baya. Kazi yake ni kujaza. La pili na la tatu ndiyo yatakayotoa umbo, na kati ya kila tabaka unapita msasa namba 600. Tatu hadi tano zinatosha. Lebo inaweza kusema nusu saa kati ya tabaka, lakini katika unyevu wetu wa Aprili mimi nasubiri saa tatu. Rangi iliyofunikwa ikiwa bado mbichi ndani hubanduka kama ganda la yai baada ya mwezi.

Vanishi ya mbao isikaribie ukingo wa kitu kinachokunjika. Sandarusi za pwani hii zilisafirishwa karne ya 19 kutengenezea vanishi za mbao kwa sababu zilikauka ngumu, na ugumu huo huo ndio unaoipasua kwenye mkanda siku ya kwanza unapovaliwa.

Masika na kabati

Kuanzia Machi hadi Mei kuvu hufika kabla ya mteja. Kazi iliyokamilika itundikwe penye hewa, isifungwe kwenye mfuko wa nailoni. Ifunge kwa kitambaa cha pamba au gazeti lisilo na wino mbichi. Ukiona unga mweupe, kwanza upanguse kwa kitambaa kikavu. Ukiyeyuka kwa joto la mkono, ni nta au mafuta yaliyopanda juu, sugua tu. Usipoyeyuka na ukanuka unyevu, ni kuvu: upanguse nje ya nyumba kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, baada ya kujaribu mahali pasipoonekana kwa sababu spiriti inaweza kuinua rangi, kisha uanike kivulini na kutia mafuta upya.

Kila jozi inayotoka kwangu sasa ina kikaratasi. Kinasema: yakilowa, pangusa na uanike kivulini, mbali na jiko na jua kali. Yakikauka, paka mafuta kidogo. Ukingo ukianza kufifia, yalete, nitausugua bure. Yule mzee wa Makorora ameyaleta mara mbili.